Kerezo la Kuanzia

Jumamosi ile Kasiana alitembea nyuma ya mjomba wake kutoka Mjimwema hadi sokoni, amekumbatia fimbo ya pool ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Fimbo ni kitu chepesi, lakini asubuhi hiyo alijiona kama aliyetwishwa gogo.

Mjomba Fidelisi alitangulia na miwani yake mipya, akipapasa njia kwa mguu kabla ya kukanyaga. Miwani ile aliiokota mwenyewe mnadani, kwenye rundo, akijaribu moja baada ya nyingine hadi akapata iliyomkuzia herufi. Tangu aivae alikuwa amekwisha kujikwaa kizingitini mara tatu.

"Leo wewe ndiye macho yangu," alimwambia Kasiana. "Bakili muuza vyuma ana makerezo mawili. Utachagua wewe."

"Sawa, Mjomba," Kasiana akajibu, akitazama visigino vya mjomba wake.

Fidelisi alikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika. Biashara ilipofunguliwa na wanunuzi wa mahindi wakaanza kuja na malori yao wenyewe, ushirika ukadhoofu, naye akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Biashara hiyohiyo ndiyo iliyoleta meza ya pool katika baa ya jirani. Alienda kutazama tu. Baada ya mwaka mmoja, mzee wa miaka hamsini na minne, watu walikuwa wanafikiri mara mbili kabla ya kukubali kucheza naye. Na alikuwa na fimbo yake mwenyewe, ya vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu katikati, aliyoachiwa na bruda mmoja Mjerumani wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa na ya kwake.

Kwa kuipenda kazi tu, alianza kutengeneza na fimbo za wenzake. Ncha ya ngozi ikichakaa, inatolewa, inabandikwa mpya, inachongwa hadi ilingane na mti. Lakini vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi hiyo, ikaangukia kwa Kasiana, mpwa wake aliyeacha shule darasa la tano na kuja kuishi naye. Kasiana alitumia wembe, msasa na ukanda wa mpira wa baiskeli wa kubania gundi. Akimaliza, alizipeleka hadi mlangoni mwa baa, akazikabidhi bila kuinua uso, akarudi nyumbani mbio. Watu walimjua kwa kazi yake kuliko kwa sauti yake.

Mwezi wa pili, kwenye mvua kubwa, Mjomba alirudi na fimbo imelowa. Akamwambia aifute na kuitundika ukutani, mbali na moto. Kasiana alikuwa anachelewa mazoezi ya kwaya. Akaiweka kwenye kichanja juu ya mafiga, pale panapokaushwa mahindi ya mbegu, akasema moyoni, nitaitoa nikirudi. Aliporudi, kipande cha mbele kilikuwa kimepinda. Bahati Mjomba alikuwa amekwenda msibani Mpitimbi. Kasiana akakilaza chini ya gunia la mahindi siku mbili, kikanyooka. Karibu kinyooke. Ukikitazama harakaharaka huoni kitu.

Lakini mezani ilionekana. Mipira ambayo Mjomba aliiingiza huku anapiga soga, sasa iligonga ukingo na kurudi. Romanus, rafiki yake wa miaka yote na mpinzani wake mkubwa, alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaacha kucheka.

"Mzee mwenzangu," alisema, "hebu iviringishe hiyo fimbo mezani tuone kama imenyooka."

Mjomba aliona ametukanwa. Kuviringishwa mezani ni kwa fimbo za baa, zile zinazolala zimeegemezwa ukutani. "Hii ya bruda?" alisema. "Mbovu ni mimi."

Kasiana alikuwa mlangoni siku hiyo, fimbo mbili mkononi. Akaziweka chini na kuondoka.

Basi lawama ikaenda kwa macho, kutoka macho ikaenda kwa mkono, kutoka mkono ikaenda kwa uzee. Ikafika miezi mitano. Mjomba akaacha kabisa kucheza. "Kama siwezi kupiga," alisema jioni moja, "nitatengenezea wanaoweza." Akaamua kutafuta kerezo, mashine ile inayoukamata mti na kuuzungusha huku fundi anaulainisha. Dogo tu, la mtu anayejifunza.

Banda la Bakili lilikuwa nyuma ya soko. Bakili alikuwa Myao wa Tunduru, mzee mcheshi aliyeuza vyuma vya kila namna.

"Shikamoo," Kasiana alisema.

"Marahaba, mama. Sikukusikia, lakini midomo nimeiona." Akamgeukia Fidelisi. "Ndiye fundi wako huyu? Haongei?"

"Haongei. Anatengeneza. Lete mali tuone."

Kerezo la kwanza lilikuwa refu, limesimama kwa miguu yake ya chuma, lina kutu huku na kule. Lilitoka kwenye karakana ya useremala iliyofungwa. "Hapa fimbo inalala yote," Bakili alieleza, "imeshikwa mwanzo na mwisho. Linakwenda polepole, halina papara." La pili lilikuwa fupi, la kijani, jipya, kama cherehani kwa ukubwa. Kichwa chake kilikuwa na tundu lililotokeza upande wa pili. "Hili unapenyeza fimbo kwa nyuma, ncha inachungulia mbele, meno haya matatu yanaibana. Ncha tu ndiyo unayoishughulikia."

Kasiana aliingiza kidole kwenye tundu. Akagusa reli ndefu ya lile la zamani. Alijua papo hapo kwamba kwa mtu anayeanza, lile refu ndilo. Lilitulia, na mtu angeiona fimbo yote inavyozunguka. Hapo ndipo penye shida. Aliiona fimbo ya Mjomba imelazwa pale inazunguka, tumbo lake linapepea kama kamba ya watoto wanaoruka. Kwenye lile fupi, watu wangeangalia ncha.

"Hili fupi," alisema.

"Fupi?" Bakili alishangaa. "Kwa nini, mama?"

"Linakaa mezani. Mtu mmoja analibeba. Na sisi kazi yetu ni ncha."

Hakusema uongo hata kidogo, na ndiyo maana maneno yalimchoma.

"Umesikia?" Mjomba alisema kwa majivuno. "Darasa la tano huyo! Haya, tulijaribu na fimbo yangu."

Yeye mwenyewe alifungua skrubu na kumpa Bakili kipande cha mbele. Bakili akakipenyeza, akakaza meno, akawasha. Ncha ilizunguka kwa utulivu kabisa, ungedhani imesimama. Kasiana akashusha pumzi.

Kisha nyuma ya mashine kukasikika, tak. Tak, tak. Takataka-takataka. Mkia wa fimbo, ambao hakuna aliyeufikiria, ulikuwa unapiga kopo la grisi, ukaliangusha. Bakili akazima.

"Mashine yako mbovu," alisema Mjomba.

"Mashine yangu?" Bakili aling'aka. "Wallahi, mzee, usinivunjie heshima!" Akachomoa fimbo, akapenyeza nondo nyembamba iliyonyooka, akaikaza, akawasha. Nondo ilizunguka kimya, mbele na nyuma. Akazima. Kisha akakiviringisha kipande cha fimbo juu ya meza ya kazi. Mwanga ukapita chini yake, ukafungwa, ukapita tena.

Mjomba alikitazama mpaka kikasimama.

"Romanus," alisema. "Mwanzoni mwa mwaka nilimwazima, akakaa nayo siku mbili. Ndiyo maana alitaka niiviringishe, kumbe anajua alichokifanya! Leo atanieleza, mbele ya watu wote." Alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake.

"Mjomba," Kasiana alisema. Hakuna aliyesikia. "Mjomba. Ni mimi. Niliiweka juu ya moto. Ile siku ya mvua, nikaenda kwaya."

Bakili aliinama ghafla kuokota grisi yake.

"Mvua ipi?"

"Ya mwezi wa pili. Halafu nikailaza chini ya gunia, ulipokuwa Mpitimbi."

Mjomba alivua miwani. Akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kibao cha duka, akasoma kwa sauti: "Dawa za mifugo. Mbegu bora." Kisha akasoma na maandishi madogo ya chini, yote. Akaikunja miwani, akaitia mfukoni.

"Kila jioni nakaa pale jikoni nakwambia nimezeeka."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na wewe unanikorogea uji."

"Ndiyo."

Kasiana alisubiri kelele. Hazikuja, akatamani zingekuja.

"Sasa, mzee," Bakili alisema taratibu, "biashara ipo au haipo?"

"Muulize fundi." Mjomba akamgeukia. "Chagua tena."

Kasiana alisogea, akaweka mkono kwenye lile refu. "Hili."

"Kwa nini?"

"Fimbo inaonekana yote." Safari hii sauti yake ilisikika. "Na linakereza kipande kizima. Hiki hakinyooki tena. Nitakukerezea kingine."

"Umewahi?"

"Sijawahi."

"Utaharibu mbao ngapi?"

"Sijui, Mjomba. Nyingi."

Mjomba alichukua kipande kilichopinda, akamwekea mkononi.

"Ukiharibu, niite," alisema. "Siku hiyohiyo."

Akatoka bila miwani, akakivuka kizingiti cha Bakili bila kujikwaa, akashika njia ya kwa Romanus, kumwambia kwamba alisema kweli. Hakumwita Kasiana amfuate. Naye alibaki pale, kipande mkononi, akikiviringisha mezani polepole, mwanga ukipita na kufungwa.