Maji ya Dufie

Diski ilipofika kutoka Hamburg, mtaa mzima ulijua kabla ya bibi yetu Eno Pokuaa mwenyewe, kwa sababu mleta mzigo aliulizia nyumba yake kwangu. Mimi nauza waakye pale Asafo, na wali na maharage haviliwi kimya kimya.

Filamu iliyokuwemo Eno aliicheza miaka thelathini na mbili iliyopita. Alikuwa mama mkwe mkorofi. Binti yake Dufie, wa miaka sita, alitokea humo mara moja, akiwaletea wageni maji. Mwaka uliofuata homa ikamchukua. Picha zake zote zikaharibiwa na mafuriko, ikabaki kaseti ya filamu hiyo, nayo ilikuwa chenga tupu. Penye uso wa mtoto palikuwa na doa jeupe.

"Hilo doa ndilo mwanao?" jirani yake Maame Frema alimwuliza siku moja mbele za watu. Tangu hapo salamu zao ni za kikohozi.

Sasa mpwa wake wa Hamburg alikuwa amesikia filamu imesafishwa na kutolewa upya kwenye diski zile za picha ang'avu. Akanunua, akatuma.

"Jumapili baada ya kanisa," Eno akatangaza. "Waje wote. Hata Frema."

Tukafunga turubai, tukapanga viti vya plastiki. Kuijaribu diski kwanza? Nani huku kwetu anajaribu kitu kabla ya kualika watu?

Fundi kompyuta Yaw Barima, jirani wa kibanda changu, akaleta kompyuta, televisheni kubwa na kisomeo cha diski alichoazima. Programu ya kwanza ikatuonyesha giza. Ya pili ikasema siku zake za majaribio zimekwisha.

"Master, hiyo ni diski au sahani?" mtu akauliza.

"Tulieni! Hizi diski zina kufuli. Si kila programu ina ufunguo."

"Si umwite fundi wa kufuli!"

Watu walicheka hadi viti vikalia. Eno hakucheka. Alikaa mbele kabisa, akiifuta miwani ambayo ilishakuwa safi.

Yaw akatafuta ya tatu, ya bure, ambayo mafundi wenzake walikuwa wakiisifia. Akawasha data ya simu, akaishusha, na ilipomaliza tu akazima data, kama tunavyofanya sote, bando lisije likavuja. Akaifungua. Kikatokea kisanduku cha maneno, akakifunga. Kikatokea tena, akakifunga. Nyuma wakaanza kuinuka. Frema alishatia mkoba begani.

"Eno, nisamehe," Yaw akasema kwa sauti ya chini. "Labda nitafute mtu Accra."

"Nina miaka sabini na minane, Yaw. Accra ni lini?"

Hapo mimi nikashindwa kukaa.

"Hicho kisanduku usikifunge. Kinasema nini?"

Akakisoma, midomo ikimcheza. Kilisema ufunguo wa diski hii haumo kwenye programu, aunganishe mtandao ili programu ikauchukue.

"Na data umezima!"

"Bando langu, dada..."

"Kula langu, bahili mkubwa wewe!" Nikamwashia yangu.

Tukahesabu pumzi. Kisha picha ikaja, rangi zake kama kitambaa kipya. Mama mkwe mkorofi akaingia na watu wakamzomea huku wakimpigia makofi. Halafu mlango ukafunguka.

"Simamisha!" Eno akapaza sauti.

Alikwenda hadi kwenye kioo cha televisheni. Dufie ameshika bakuli la maji kwa mikono miwili, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo kwa kuogopa kumwaga. Ana pengo la jino la mbele, na juu ya nyusi kovu dogo.

Eno akaligusa kwa kidole. "Alianguka kwenye jiwe la kusagia," akasema. "Hili kovu nilikuwa nimelisahau."

Akarudi kitini kwake. Yaw akaachia filamu, na mtoto akapita na bakuli lake, akatoweka.

Frema alikuwa bado amesimama njiani na mkoba wake. Akarudi, akakaa nyuma ya Eno.

"Yaw, hebu rudisha nyuma," akasema. "Huyu mtoto amenipita. Mimi sijapewa maji."

Eno hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, akakivuta kiti cha Frema mpaka kikawa sambamba na chake.