Kikokotoo Kilichowahi

Shangazi alikuwa fundi wa redio, na kikokotoo alikifungua saa nne asubuhi, meza imeshafutwa kwa kitambaa kikavu, skrubu sita zimewekwa ndani ya kifuniko cha chupa zisije zikabingirika. Kilikuwa kikokotoo cha kuchora grafu, kizito kama kipande cha sabuni, vitufe vinne vimefutika namba. Mpwa wake, aliyeitwa Sindano kwa wembamba, alimshikia tochi.

Mwaka uliopita Sindano alifanya mtihani wa kuingia chuo cha upimaji ardhi. Maswali yalikuwa kumi, kila moja na grafu yake, na kikokotoo kilitumia dakika nne kwa kila grafu, mstari ukijikokota kama mtu aliyetumwa asikotaka. Karatasi zilikusanywa yeye akiwa swali la saba.

"Inayokizuia ni hii," Shangazi alisema, akigusa kwa kibanio kapasita ndogo kama punje ya mtama. "Tukiweka ndogo zaidi, kitakimbia."

Aliweka ndogo zaidi. Grafu ikatoka kwa sekunde kumi. Akaweka nyingine, ikatoka kufumba na kufumbua.

"Inatosha, Shangazi."

"Inamtosha nani? Wenzako wana vipya. Shika tochi vizuri, unanimulika pua."

Kapasita ya tatu aliitoa kwenye kifaa cha masikio cha marehemu mumewe. Alipofunga skrubu ya sita, kikokotoo kilichora mkunjo wa grafu kabla hakijaguswa. Sindano akabonyeza swali alilokuwa nalo kichwani, na mkunjo ulikuwa ndio huo huo. Walijaribu mara tano.

Jirani aliyefuata pasi yake aliegemea mlango akatazama. "Kwa hiyo kinajua na mvua?"

"Hakijui," Shangazi alimjibu. "Kinajua hesabu tu. Na pasi yako usiiloweshe tena, sikukupa sufuria."

Siku ya kurudia mtihani kikokotoo kilimaliza kuchora grafu zote kumi njiani. Sindano alikifunika kwa leso mpaka karatasi zilipofunguliwa, maana aliona si haki kuwatangulia wenzake. Kisha akafanya kazi yake, akaandika hatua zote, akamaliza nusu saa kabla ya muda.

Kikokotoo hakikuwa na grafu nyingine ya kuchora, kikaendelea na mambo ya mbele. Kiliandika namba ishirini za waliochaguliwa. Ya Sindano haikuwamo. Alinyoosha mkono.

Msimamizi alivaa miwani akazisoma moja moja.

"Ni sahihi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kimechelewa. Orodha hii iko kabatini kwa mkuu tangu mwezi wa tatu."

"Na majibu yangu?"

"Yatasahihishwa, mwanangu. Huwa tunasahihisha yote."

Sindano alirudi swali la nne, akaongeza neno "mita" alilolisahau, akakabidhi karatasi.

Barua ilikuja baada ya wiki sita: alama mia kwa mia, nafasi hakuna. Shangazi aliisoma mpaka kwenye muhuri, akaikunja vizuri, akachukua bisibisi.

"Mwezi wa tatu, alisema?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi bado kizito."

Kapasita ndogo kuliko ile haikupatikana popote, kwa hiyo aliichukua ile ile akaisugua kwa msasa siku mbili, akipuliza vumbi, mpaka ikabaki kitu cha kuhisi kwa kidole tu. Kikokotoo kikawaka na kuandika namba ishirini za mwaka ujao.

Asubuhi iliyofuata Sindano alikwenda nacho kwenye dirisha la fomu za mtihani. Karani alimpa fomu ya kwanza, namba ya mtahiniwa imeshapigwa juu yake. Akalinganisha namba.

"Hii haimo. Naomba nyingine."

Karani akampa ya pili, kisha ya tatu. Ilipofika ya kumi aliinama akachungulia kioo cha kikokotoo.

"Hizo ishirini hazitokei dirishani hapa, dada. Hizo hupelekwa majumbani."

"Sawa," Sindano alisema. "Naomba inayofuata."

Alikuwa amefikia fomu ya arobaini na moja karani alipofunga dirisha kwenda kula. Akasogeza benchi karibu, akaketi, akasubiri lifunguliwe.