Kilomita Ishirini na Moja kwa Sekunde

Kwenye kioo cha kompyuta, gesi ile ilikuwa doa la kijivu pembeni mwa galaksi, hafifu kama mvuke wa pumzi dirishani. Kazi yangu ni kupima kasi yake. Dunia nayo haitulii, inalizunguka jua, kwa hiyo mwendo wetu huingia kwenye kipimo na lazima uondolewe. Nimeuondoa kwa mkono kwa miaka kumi na tisa.

Asubuhi ile nilikuwa nasoma maelezo ya programu tuliyoanza kuitumia miaka mitatu iliyopita, natafuta jambo jingine kabisa, nikakuta sentensi moja: programu huuondoa mwendo huo yenyewe. Mimi nilikuwa nimeuondoa tena juu yake. Kilomita ishirini na moja kwa sekunde.

Nikapiga hesabu upya. Gesi tuliyosema inatumbukia kwenye galaksi haikuwa inatumbukia popote. Ilikuwa inaandamana nayo tu, basi.

Binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi, alikuwa meza ya pili akipanga picha za tasnifu yake. Miaka mitatu, kurasa mia na hamsini, zote zimesimama juu ya kutumbukia kule. Alitakiwa kuiwasilisha Ijumaa. Hakuna mtahini ambaye angefukua hadi kwenye majedwali yangu ya vipimo.

"Mama mdogo, mbona kimya? Unanitisha. Wewe na kimya ni paka na maji."

"Njoo uone."

"Nimeharibu nini tena?"

"Si wewe. Ni mimi."

Akaja, akasimama nyuma ya kiti changu. Nikamwonyesha sentensi, kisha namba. Sikumzungusha, sijui kuzungusha. Alihesabu kwa midomo, bila sauti. Tangu utotoni nimemgombeza kwa kutohakiki mambo: jiko, milango, hesabu. Hakunikumbusha. Heri angenikumbusha.

"Umejua saa ngapi?"

"Saa tatu."

Akatazama saa ya ukutani. "Sasa hivi ni saa nne kasoro. Muda wote huo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nawaza ninyamaze."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa matokeo ya daktari. Akakivuta kiti chake, akakiweka mbali kidogo na changu, akafungua ukurasa mtupu.

"Nisomee namba zote upya," akasema bila kunitazama. "Usiruke hata moja."

Vipimo vilikuwa mia mbili na arobaini. Nikaanza na cha kwanza.