Watoto Elfu Kumi na Mmoja

Mkuu wa halaiki tulimwita Kipenga, kwa sababu hata akila alikuwa nacho shingoni. Nilipomwambia kwenye simu kwamba sasa tuna watoto elfu kumi na mmoja, nusura apandwe na presha.

"Elfu moja zaidi umewatoa wapi, mwalimu?"

"Hukunisikia. Sikusema moja, nimesema mmoja. Mtoto mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa binti wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Tetekuwanga ilimkosesha mazoezi ya mwanzo, lakini hatua zote alizijua. Alizicheza sebuleni mpaka nikaficha vyombo. Kesho yake Kipenga alimtupia jicho, akamwambia akalinde mabegi.

"Mistari mia, kila mstari watoto mia, imetimia," aliniambia uwanjani. "Huyu nimpange wapi? Atasimama peke yake nyuma kama mlingoti. Na hiyo namba yako ni tasa, haigawanyiki. Tasa ni tasa tu, wewe mwenyewe si..." Akameza maneno, lakini nilikuwa nimeshayasikia. Miaka yote ya ndoa yangu nimeyasikia, na bado yanauma.

Damu ilinichemka. "Umeijaribu," nikamuuliza, "au umeipachika jina tu?"

Nikachuchumaa na chaki kwenye sakafu ya jukwaa. Nikagawanya kwa saba, ikabaki. Kwa kumi na moja, ikabaki. Kumi na tatu, kumi na saba, nikaendelea kupanda, na kila mara kitu kilibaki. Kipenga akaanza kutabasamu. Nilipovuka hamsini jasho lilikuwa linadondokea hesabu. Mtoto alikaa juu ya mabegi akiniangalia. Sabini na moja nayo ikagoma.

Sabini na tatu ikaingia mara mia moja thelathini na saba. Hakikubaki kitu.

"Mistari sabini na mitatu," nikamwambia, "kila mstari watoto mia moja thelathini na saba. Na uwanja wako ni mrefu, we baba, si mraba. Ndiyo maana wakinyoosha mikono wanazabana vibao huku pembeni kweupe."

Akautazama uwanja. Kisha akapuliza kipenga, akaanza kuwapanga upya.

Siku ya sherehe walienea kutoka goli hadi goli na hakuna aliyemgusa mwenzake. Mtoto alipangwa mstari wa nyuma kabisa, kwenye kona. Wimbo wa mwisho ulipoanza, Kipenga akaamuru nyuma geuka, wote wakageukia jukwaa letu sisi wazazi. Mstari wake sasa ndio ulikuwa mbele, halaiki nzima mgongoni kwake, naye ananyanyua mikono bila kukosea hata hatua moja. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Mama mmoja kando yangu akauliza, "Huyo wa kwenye kona ni wa nani?"

"Ni wangu," nikamwambia.