Habari Zimfikie Bi Thuwaiba

Kaka yangu Qais ana ugonjwa wa kutuletea maendeleo. Mwenyewe anakaa Kiembe Samaki, katika nyumba yenye geti linalojifungua, lakini maendeleo anakuja kuyajaribu kwetu Mkunazini, kwa mama. Alituletea jiko la umeme, likatushinda, tukarudi kwenye gesi. Alituletea mashine ya kukamua machungwa, wakahamia mende. Mama alipokea vyote, akashukuru, akaviweka kabatini. Mtoto wa kiume akiingia na kitu mkononi, mama yangu haulizi ni kitu gani.

Mwaka huu akaleta kijisanduku. Aliingia asubuhi, kahawa hata hajainywa, akauvuta waya wa kebo uliokuwa ukiingia kwetu kwa kupitia roshani, akaukata kwa mkasi wangu wa kushonea. Waya ule ulipita nyumba hadi nyumba juu ya vichochoro tangu mimi niko skuli.

"Kebo yashapitwa na wakati, mama," alisema. "Chaneli chungu nzima na weye unatazama moja. Hiki kijisanduku kinatumia intaneti. Utatazama ukitakacho, wakati uutakao. Na hizi chaneli zetu za hapa ni za bure, ziko hewani, ntakuwekea antena uziokote tu."

"Na matangazo ya vifo?" mama akauliza.

"Yamo."

"Yale ya mchana?"

"Yamo, mama. Kila kitu kimo."

Hapo ndipo nilipomchukia, na chuki hiyo bado ninayo. Alijua vyema kwa nini mama anauliza.

Mama alizaliwa wakati babu ana shamba la minazi Kizimkazi. Bibi aliumwa sana baada ya kujifungua, maziwa yakakauka, na mtoto akapelekwa kwa jirani, mke wa mvuvi, aliyekuwa na mtoto wake wa kike mchanga aitwaye Wanu. Akawanyonyesha wote wawili. Kwa hiyo mama na Bi Wanu ni ndugu wa kunyonya, na kwetu sisi huo ni undugu kamili. Shamba lilipotutoka mikononi, undugu ulibaki. Bi Wanu alikuwa akija mjini na kapu la pweza mkavu, anakaa siku anazotaka, anatugombeza kama watoto wake.

Kisha mwanawe, Pandu, akaleta posa kunitaka mimi.

Mimi nilikuwa radhi. Naliandika hilo wazi, sina wa kumwonea haya tena. Baba yangu, Nasser, Mungu amrehemu, alimjibu Bi Wanu ukumbini mbele ya watu kwamba binti yake hatakwenda Kizimkazi kunuka samaki. Qais akacheka. Mama akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomuuma Bi Wanu kuliko maneno ya baba. Bi Wanu akamgeukia mama.

"Maziwa ya mama yangu uliyanywa bila ya kuziba pua, Thuwaiba," alimwambia. "Basi mie na weye kusemezana tena hakuna. Lakini kuzikana tutazikana. Atakayetangulia, mwenziwe atamuosha."

"Tutazikana," mama akaitikia. Ndilo neno pekee alilolisema siku ile.

Bi Wanu akachukua kapu lake, akaondoka, na hakukanyaga tena Mkunazini. Wala mama hakukanyaga Kizimkazi. Hata baba alipokufa Bi Wanu hakuja, maana ahadi ilikuwa ya wao wawili tu, baba hakuwamo. Lakini tangu siku ile, kila mchana baada ya habari, mama alikuwa akikaa mbele ya televisheni na kusikiliza matangazo ya vifo. Macho yake hayasomi maandishi ya kwenye kioo, anasikiliza tu. Nyumba nzima inanyamaza. Fulani wa Chaani, fulani wa Donge, maziko yake ni leo saa fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Orodha ikimalizika na jina halimo, mama anashusha pumzi.

"Alhamdulillahi, Wanu mzima," anasema, ndipo anapokwenda kupakua chakula.

Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake kwa dada yake. Na Qais aliikata kwa mkasi wangu.

Ile antena haikuokota kitu. Nyumba yetu ya mawe ina kuta nene, na juu yetu pamekuwa hoteli. Kwenye paa, ambako zamani tulikuwa tukianika karafuu na nguo, siku hizi wageni wanakula chakula cha jioni, na mwenye hoteli akasema hataki chuma chochote kionekane na wageni wake. Qais akaitundika antena dirishani, ndani. Picha ikawa inakuja na kukatika, msomaji anafungua mdomo na kuganda hivyo hivyo. Nikamwambia amlete fundi, au aongee na majirani wa nyuma wenye paa lao. Akasema hana haja ya mafundi.

"Matangazo wanayaweka kwenye mtandao," akasema. "Mama, ona. Kitufe hiki chekundu. Bonyeza, yanakuja yenyewe. Huna tena haja ya kukimbilia saa."

Mama akajifunza kitufe chekundu. Adhuhuri akishasali, anakaa, anabonyeza, na kweli yanakuja. Sauti safi kuliko ya kebo. Akafurahi, akampigia simu Qais kumshukuru. Mara moja alisikia msiba wa mtu tunayemjua wa Malindi, hapa hapa mjini, akavaa buibui akaenda, akakuta maiti ishatoka na watu wametawanyika. Akarudi akilaumu miguu yake. Nilimpigia Qais kumuuliza kama kijisanduku kina walakini.

"Asila, mambo ya mtandao hamuyajui, msinitie maneno," akanijibu. "Kinafanya kazi au hakifanyi?"

Kinafanya kazi, nikasema. Ndivyo kilivyokuwa.

Siku yenyewe nilikuwa dukani Darajani, ninakoshona nguo za maharusi. Mama akanipigia, na sauti yake ilikuwa tulivu hata nikaogopa.

"Wanu katajwa," alisema. "Njoo twende. Maziko baada ya alasiri, tutawahi."

Nilimkuta ameshavaa, amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, bahasha, kifurushi cha kitambaa cheupe, mapajani. Ndani yake mna marashi, udi na karafuu maiti, vitu alivyoviweka miaka yote kwa siku hiyo. Televisheni juu ilikuwa imeachwa inawaka na inajiendea, mtu anapika keki. Jirani yetu Jamil ana gari, akatuchukua mara moja bila ya kuuliza. Njiani nilimpigia Qais.

"Niko kikaoni," alisema. "Nendeni, ntakufuateni."

Mama alikuwa mwepesi. Sikuwahi kumwona hivyo tangu baba afe. Alimhimiza Jamil apite magari, akanihadithia namna atakavyomuosha, nani atashika maji na nani atashika shuka, na kwamba Wanu tangu utotoni hataki maji ya baridi. Alilia kidogo tulipopita msitu wa Jozani, akajifuta, akasema atalia akishamaliza kazi.

"Alijua ntakuja," alisema. "Hata angekaa miaka mia amenuna, alijua ntakuja."

Tulifika Kizimkazi hata alasiri haijaadhiniwa. Mama akasema, "Tumewahi." Mimi niliona nje wanaume wachache wamekaa mkekani, na mwengine amelala. Wanawake wawili walikuwa wakisugua masufuria makubwa kwa mchanga. Jeneza sikuliona. Nilitaka kumshika mkono mama, lakini alishaingia ndani, huku anapandisha mikono ya nguo.

"Asalaam alaykum. Yuko chumba gani? Maji yashapata moto?"

Wanawake waliokuwa wakisoma wakainua vichwa. Mke wa Pandu, Mardhiya, akainuka na msahafu mkononi.

"Nani, mama?"

"Wanu. Nimekuja kumuosha."

Mama akawatazama mmoja mmoja, mikono imekwishapandishwa hadi kwenye viwiko, na bahasha yake kwapani. Pandu aliitwa, akaingia kutoka uani. Ameota mvi. Hakunitazama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Pole. Yuko wapi mama yako?"

"Tumemzika jana."

"Jana vipi? Nimesikia kwa masikio yangu, leo baada ya alasiri."

"Tangazo la jana hilo," Pandu alisema. "Limesomwa jana mchana."

Hapo nikafahamu. Kitufe chekundu hakikuwa kikileta matangazo ya leo. Kilikuwa kikileta ya jana, yaliyokwisha kusomwa na kuwekwa mtandaoni, na siku zote zile mama alikuwa akishusha pumzi kwa habari za jana.

Pandu akaeleza, bila ya kupandisha sauti, na afadhali angeipandisha. Maiti ilikuwa izikwe adhuhuri. Yeye akaomba wangoje alasiri, mama mdogo anatoka mjini. Watu wazima walimgombeza, kwamba maiti haicheleweshwi kwa ajili ya mtu. Akashikilia. Wanawake wakakaa na maji, yakapoa, wakayapasha tena. Kila gari lililopita barabarani mtoto alitumwa kuchungulia. Mwisho ikaadhiniwa, na Mardhiya akamuosha.

"Simu je?" niliuliza, na nilikuwa mkali, maana nilitaka awepo wa kulaumiwa pale. "Simu hamna Kizimkazi?"

Pandu akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nshaishika simu mkononi. Mwenyewe alinikataza kabla hajafa. Kasema, msimpigie, nitangazieni tu, Thuwaiba anasikiliza. Na yeye alikuwa hivyo hivyo. Kila mchana yeye na redio yake. Yakimalizika anasema, mtu wangu wa mjini mzima. Ndipo anapokula."

Mama akashusha mikono ya nguo, mmoja kisha wa pili, akavifunga vifungo vyake. Akamnyooshea Pandu ile bahasha. Sijui alitaka aifanye nini.

"Tulishanunua, mama mdogo," Pandu akasema kwa upole. "Rudi nayo."

Walitupa chai, tukanywa. Walitupeleka hadi karibu na makaburi, tukasimama nje ya ukuta, tukaonyeshwa kwa mbali lundo la mchanga lililotiwa maji. Hakuna aliyetuvunjia heshima, ila nilisikia nyuma yangu mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba watu wa mjini ndio walivyo, wanakuja kazi ikishakwisha. Mama alilisikia. Alitembea mpaka garini na hakugeuka.

Qais alikuja Mkunazini siku ya pili yake, baada ya kazi, na mkate wa ufuta kutoka Forodhani. Nilimngojea mlangoni na nikamwambia niliyokuwa nayo yote, ya kijisanduku, ya mkasi, na ya kile kicheko chake ukumbini zamani. Watu wa hoteli juu walichungulia. Hakujibu la kicheko. Akanipita akaenda kumpigia mama magoti.

"Nilisahau kukwambia tu, mama, kwamba wanayaweka kesho yake. Sikudhani kama kuna tofauti. Ni siku moja."

"Naam," mama akasema. "Siku moja."

"Kesho ntarejesha kebo. Wallahi kesho."

Mama alimwomba amwekee lile tangazo. Qais akaruka, maana alipewa kitu anachokiweza, akabonyeza hiki na kile, likaja. Sauti ya msomaji ikajaa ukumbini, safi kabisa. Bi Wanu Kheir wa Kizimkazi amefariki dunia. Maziko yake yatafanyika leo baada ya sala ya alasiri. Habari zimfikie dada yake, Bi Thuwaiba Abdulla wa Mkunazini. Jina lake lilikuwa la kwanza, kabla ya watoto, kabla ya ndugu wa tumbo moja.

"Na hili linakaa humo?" mama akauliza.

"Linakaa, mama. Halifutiki. Wakati wowote ukitaka kulisikia."

"Na kila siku atasema leo?"

Qais akaizima. Alikuwa akilia sasa, na sikumwonea huruma, na mpaka leo simwonei. Mama alinisukumia bahasha ya kitambaa cheupe.

"Iweke, Asila. Mtanitilia mie. Na siku yangu ikifika msisumbuke kutangaza. Aliyekuwa akinisikiliza keshazikwa."

Kisha akauliza kama kuna mtu atakayekula, akaenda kupakua.