Basi Lililofuata Jua

Flora Mughwai, mkaguzi wa magari, alianza na pembe ya nyuma kushoto, kama alivyoanza kwa kila gari. Aliweka viganja juu ya bampa, akakandamiza kwa uzito wake wote, kisha akaachia ghafla. Gari lenye shokapu nzima hupanda, hushuka na kutulia. Lenye shokapu zilizokufa huendelea kunesanesa kama kitanda cha springi. Basi dogo la mzee Gasto lilipanda, likashuka, likatulia. Ilikuwa saa sita mchana, na katika uwanja wa ukaguzi, nje kidogo ya mji wa Singida, kila kitu kilikuwa kimesimama juu ya kivuli chake.

“Umeona?” alisema mzee Gasto, mwenye basi, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho kutoka nyumbani. “Mwanangu, hilo gari linatulia kuliko mimi.”

Flora alikuwa amekwisha kumwamkia alipofika. Aliinama chini ya basi na kitambaa cheupe. Shokapu iliyochoka huvuja mafuta pale fimbo yake inapoingia kwenye silinda. Kitambaa kilirudi na mafuta membamba ya manjano yenye harufu ya jikoni. Nyuki kadhaa walikuwa wametua pale palipovuja, nao hawakusumbuka. Alipapasa tairi. Zilikuwa zimelika mabaka mabaka, kama tairi za gari linalorukaruka barabarani badala ya kuikanyaga.

Dereva alimsogelea akijifanya anatafuta spana. Jina lake Fabiano.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Likatae,” alisema kwa sauti ya chini. “Nikigoma mimi, kesho atakaa mwingine kwenye usukani. Ukilikataa wewe, litabaki hapahapa.”

“Lina nini?”

“Subiri mpaka saa tisa. Utaona mwenyewe.”

Flora alimwambia mzee Gasto kwamba ukaguzi ungeendelea baadaye. Mzee Gasto alihamishia kiti chake kivulini.

Kuanzia saa nane basi lilianza kuinama. Upande wake wa magharibi ulishuka polepole na wa mashariki ukanyanyuka, kama mtu aliyelala anayegeuzia shavu lake kwenye mto. Halikuwa peke yake. Lori la mchanga lililokuwa karibu na ukuta liliinama vilevile, na gari la maji lililokuwa nyuma yake. Upepo ulipita, ukatikisa magari yote kidogo, na kwa muda uwanja ulikuwa kimya kama shamba la alizeti mwezi Machi. Flora alijua kwamba alizeti ikikomaa huacha kugeuka, ikabaki ikitazama mashariki. Mafuta yake, ilionekana, hayakuwa na habari hiyo.

Alirudia kipimo. Pembe ya magharibi haikupanda kabisa. Ya mashariki ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, taratibu, bila kelele. Flora alikwenda bombani, akanawa mikono, akaifuta, akarudi. Bado ilikuwa ikipanda na kushuka.

Fundi Petro, aliyezifanyia shokapu hizo kazi, aliitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuficha kitu.

“Nilitoboa, nikajaza, nikachomelea.”

“Mafuta gani?”

“Alizeti. Ya shokapu mpaka uagize, ukae, usubiri. Alizeti ipo kila nyumba.”

“Na unajua kwamba yanafuata jua?”

“Nani asiyejua? Ndiyo maana nikamwambia mzee alilete saa sita.”

Mzee Gasto alicheka mpaka kiti kikalia. “Petro, mdomo wako nao unavuja. Kaujaze.”

Fabiano hakucheka. Alieleza kwamba huondoka alasiri kwenda Kiomboi na kurudi asubuhi. Flora aliichora ile barabara kichwani. Kutoka Singida inaelekea kaskazini-magharibi. Alasiri jua huwa kushoto kwa anayekwenda, na asubuhi, likiwa mashariki, huwa kushoto kwa anayerudi. Kushoto ndiko ukingoni, na ukingoni ndiko watu wanakotembea.

“Mama yangu mdogo, Agnes, alikuwa anapanga vitunguu vyake kwenye kona,” alisema Fabiano. “Nilimwona. Nikakata usukani kulia. Usukani ukaja kulia, gari likaenda kwenye jua. Lilimpiga nyonga. Hivi sasa amelala nyumbani, hasimami.”

“Mungu amjalie,” alisema mzee Gasto, na alimaanisha. “Lakini abiria wamezoea. Wengine hawana hata saa, wanatazama gari.”

Flora alisema kwamba basi halitatoka. Alisema hivyo mara moja, kwa sauti ya kawaida. Fabiano aliketi juu ya tairi kuukuu na kufumba macho, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mzee Gasto alikwenda ofisini kumwita mkuu wa kituo. Mkuu huyo, Ezekieli, alikuwa mtu makini mwenye miwani safi. Alisimama mbele ya basi, akainamisha kichwa upande ule ule ili alione likiwa limenyooka.

“Kanuni inataka gari lipimwe likiwa limesimama usawa,” alisema. “Ni kweli?”

“Kweli,” alijibu Flora.

“Sasa hivi liko usawa?”

“Hapana.”

“Basi kipimo cha sasa si halali. Halali ni kile cha saa sita. Saa sita lilikuwaje?”

Flora hakuwa amewahi kusema uongo kuhusu kipimo. “Lilitulia,” alisema.

“Haya.”

Flora alimweleza kuhusu kitambaa, tairi, na nyonga ya Agnes. Ezekieli alisikiliza kila neno bila kumkatiza na kukubali kwamba yote hayo ni kweli. Kisha, kwa kuwa hakupenda magari mengine yaonewe, aliagiza kwamba tangu siku hiyo shokapu za magari yote zipimwe saa sita. Stika ya kufaulu ukaguzi ilibandikwa kwenye kioo cha basi la mzee Gasto. Mwenye lori la mchanga alishukuru. Nyuki walihama kutoka basi kwenda kwenye gari la maji.

Fabiano aliinuka kutoka juu ya tairi. Hakumlaumu Flora. Alimsubiri amalize kukunja kitambaa chake.

“Mama, wewe umesoma,” alisema. “Hakuna mwezi ambao jua linahamia kulia?”

Flora alilifikiria swali hilo kwa uangalifu, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Alimweleza kwamba Juni jua huchomoza na kuzama likiwa limesogea kaskazini, na Desemba limesogea kusini. Alimwonyesha kwa mkono. Kwa barabara ile, asubuhi na alasiri, mwaka mzima, linabaki kushoto.

“Hata siku za mawingu?”

“Alizeti haihitaji kuliona.”

“Sawa,” alisema Fabiano. “Nilitaka tu kujua.”

Abiria walikuwa wamekwisha kufika na mizigo yao, maana saa ya kuondoka ilikuwa imepita. Konda aliwapanga mlangoni kwa upole wa mtu anayepanga mayai. “Wanene kulia, jamani. Mama, wewe kulia. Baba na gunia lako, kulia. Dada, wewe mwembamba, kaa popote.” Watu waliingia wakakaa walikoelekezwa. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto aliuliza mtoto anahesabiwa upande gani, akaambiwa abaki naye.

Fabiano aliwasha gari. Basi lilitoka getini likiwa limelala kushoto, likashika barabara ya Kiomboi. Waliokuwa wakitembea ukingoni waligeuka, wakaliona linakuja, wakashuka mtaroni bila kukatiza mazungumzo yao, na kuendelea na safari humo humo.