Mguu Uliopona Kitambo

Majirani hapa Kitale husema Nabwile ni malaika, ati ananilisha mimi Jepkemboi bure na si wa ukoo wangu. Nami huwaacha waseme. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama napenda mrenda. Siupendi! Ni mboga inayoteleza kooni kabla hujaamua kumeza.

Nilivunjika mguu wakati wa mvua, nikifukuzana na ng'ombe. Nabwile, fundi wa nguo aliyepanga chumba karibu na boma langu, akaanza kuniletea chakula kila mchana. Mama yake aliugua huko Matulo, upande wa Bungoma, akatunzwa na watu wengine, naye Nabwile akafika siku ya mazishi tu. Alinisimulia hayo huku akinipulizia ugali upoe, kama mama na mtoto. Nikaelewa kwamba siku hizo hakuwa akinilisha mimi peke yangu.

Mguu ukapona. Nikanyamaza.

Asubuhi nilikamua, nikapasua kuni. Mchana nikisikia viatu vyake, nachukua fimbo na kuchechemea. Nilijiambia namsaidia, maskini wa Mungu, asipoteze mtu wa kumtunza. Nilijiona mwema kweli kweli.

Juzi mwanangu Kipchirchir, anayefanya kazi Bungoma, akaja bila kupiga simu. Alitaka nihamie kwake. Akanikuta juu ya ngazi ya stoo ya mahindi.

"Mama! Si ulisema hauwezi kutembea?"

Kugeuka, Nabwile huyo getini na sufuria yake. Niliona haya hadi masikioni.

"Basi mambo imeisha," Kipchirchir akasema, akifungua mlango wa gari. "Umepona. Twende, huko kwangu kuna msichana wa kazi, atakupikia kila kitu."

Nikaiona akilini hiyo nyumba yake: sahani nzuri, televisheni, na saa saba mchana ikipita bila mtu wa kunigombeza nimalize chakula. Woga ukanishika. Wema wangu wote ukaanguka pale pale chini ya ngazi.

"Nabwile mwanangu," nikasema, "nilikudanganya. Nilisema moyoni nakuhurumia, lakini wapi! Niliogopa ukijua nimepona hutakuja tena."

Hakushtuka. Akatua sufuria kwenye kigogo.

"Kogo," akasema, maana huniita bibi kwa Kikalenjin, "mimi nilijua kitambo. Nilikuona ukikimbiza ndama, tena unaruka mtaro."

"Na bado ukaendelea kuleta chakula?"

"Sasa ningefanya nini? Ningesema umepona, ningempikia nani?"

Kipchirchir akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Ngoja kwanza. Hapa nani alikuwa anasaidia nani?"

Nilishuka ngazi bila fimbo, nikamwambia afunge gari lake anawe mikono, tule.